Prairi Si Njia ya Kupitia Usiku

Theluji inapoanza kuyeyuka na watu wa Kanada kupanga safari za kiangazi, ushauri wanaopeana ni ule ule. Ukitaka kuivuka magharibi ya nchi hiyo kwa gari, kutoka Winnipeg hadi Vancouver, utaambiwa ujaze tangi jioni, ukanyage mafuta usiku kucha, na kukicha uwe unaitazama Milima ya Rocky. Kwenye prairi, yaani tambarare za nyasi za Manitoba ya magharibi, Saskatchewan yote na nusu ya Alberta, kwa kilomita zaidi ya 1,300, hakuna kitu. Wengine hawataki hata huo usiku mmoja. Wanakwambia panda ndege hadi Calgary, kodi gari pale, safari ianzie Banff, milimani. Maneno haya nimeyasikia kwa madereva wa malori, kwa mawakala wa utalii na kwa ndugu zetu waliohamia huko, na wote huyasema kwa uhakika wa mtu anayetaja saa ya swala.

Mimi nayapinga yote. Siyapingi kwa sababu ya ladha, kwamba wewe unapenda milima na mimi napenda tambarare. Nayapinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu yanaendelea kuleta madhara kwa nchi yenyewe na kwa watu wake.

Nianze na huo utupu. Una waliouandika. Kati ya 1857 na 1860, John Palliser aliongoza msafara uliotumwa kutoka Uingereza kuichunguza nchi ile, akarudi na taarifa kwamba kusini kwa sehemu tunazoziita leo Saskatchewan na Alberta kuna pembetatu ya ardhi kavu isiyofaa kulimwa. Pembetatu hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Miaka 20 baadaye akapita mtaalamu wa mimea, John Macoun, katika miaka ya mvua nzuri, akasema kinyume chake: hiyo ni ardhi ya ngano. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ikaipeleka njia yake kusini. Mabwana hawa wawili walibishana, lakini swali lao lilikuwa moja, kama ardhi italipa au haitalipa. Waliokuwa wakiishi juu yake, Wakrii, Waassiniboine, Wasaulteaux, mataifa ya Blackfoot na Wamétis, hawakuingia kwenye hesabu. Anayesema leo kwamba prairi hakuna kitu anaendeleza ripoti ya Palliser bila kujua.

Na hata kama Palliser angekuwa sahihi kuhusu mvua, utupu anaouona msafiri wa leo haukuwapo wakati wake. Umetengenezwa. Nchi hii ilikuwa ya baisani, yule nyati mwenye nundu na manyoya mazito mabegani. Amerika Kaskazini ilikuwa na makumi ya mamilioni ya wanyama hao. Waliuawa kwa ajili ya nyama iliyokaushwa na kuchanganywa na mafuta kulisha biashara ya manyoya, kisha wakauawa kwa kasi ya kutisha kwa ajili ya ngozi zao, ambazo zilikatwa mikanda ya kuendeshea mitambo ya viwandani. Kufikia 1879 upande wa Kanada walikuwa karibu wamekwisha. Mji wa Regina umejengwa mahali ambapo Wakrii walipaita rundo la mifupa, na baadaye hata mifupa yenyewe iliokotwa nyikani, ikapakiwa kwenye mabehewa na kuuzwa.

Njaa iliyofuata haikuachwa ipite yenyewe. Maelfu ya watu walikusanyika Cypress Hills, karibu na ngome ya polisi ya Fort Walsh, wakitafuta chakula. Serikali ya Ottawa ilikuwa imeshatia sahihi mikataba nao: Mkataba wa 4 mwaka 1874, wa 6 mwaka 1876, wa 7 mwaka 1877. Ule wa 6 uliahidi waziwazi msaada ikitokea njaa kuu. Badala yake chakula kikageuzwa fimbo. Mgao ulipunguzwa na kukatwa mpaka watu wakubali kuondoka na kwenda kwenye maeneo waliyotengewa, mbali na mpaka wa Marekani na mbali na kusini ambako reli ilikuwa inakuja. Mwaka 1883 Fort Walsh ilifungwa. Mwaka huohuo reli ikafika Calgary. Mwanahistoria James Daschuk ameyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu chake cha 2013, na mtu akishayasoma hawezi tena kuliangalia dirisha la gari lake kwa namna ileile.

Msomaji wa Tanzania atanielewa haraka. Waondoe nyumbu wote Serengeti katika muda wa miaka kumi, uwafukuze na wafugaji, uilime sehemu kubwa ya nyasi, kisha umlete mgeni apite kwa gari. Atasema hapa hakuna kitu. Atakuwa anasema kweli kuhusu anachokiona, na atakuwa hajui lolote kuhusu mahali alipo.

Sasa, hivi kweli hakuna cha kuona? Nenda Hifadhi ya Taifa ya Grasslands, kusini kabisa mwa Saskatchewan, karibu na kijiji cha Val Marie. Acha gari na utembee juu ya nyasi. Utakuta mawe makubwa ya matale yamekaa peke yake katikati ya uwanda, kila moja mbali na mwenzake. Si mawe ya hapo. Barafu kuu ya zamani iliyachukua kaskazini, ikayaburuta mamia ya kilomita, ikayeyuka na kuyaacha. Sogea karibu na mojawapo. Upande wa juu una kuvu wa rangi ya chungwa na ni mkavu, unakwaruza. Lakini kwenye kona zake, kwa kimo cha bega la mnyama, jiwe ni laini na linang'aa kama limepakwa mafuta. Chini yake pande zote kuna mfereji, ardhi imeliwa. Baisani walikuwa wakija hapo kujikuna, kizazi baada ya kizazi, wakinyonyoa manyoya ya majira ya baridi, na kwato zao zikachimba mfereji huo. Katika nchi isiyo na miti, jiwe hilo lilikuwa mali. Wanyama walikuwa hawapo kwa zaidi ya karne nzima na mng'aro ukabaki. Mwaka 2005 hifadhi iliwarudisha baisani, na leo wanakuja kujikuna kwenye mawe yale yale.

Kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi, na halijulikani inavyostahili. Nje kidogo ya Saskatoon kuna mahali panaitwa Wanuskewin, bonde ambalo watu wa uwanda walikuwa wakikutana, kupiga kambi na kuwinda kwa maelfu ya miaka. Desemba 2019 baisani walirudishwa pale. Agosti iliyofuata, kwenye sehemu waliyozoea kugaagaa mavumbini, nyasi zikang'oka, udongo ukahama, na jiwe likachomoza likiwa na mistari iliyochongwa. Mwanaakiolojia Ernie Walker, aliyeishughulikia sehemu ile kwa miongo kadhaa, alikuwapo. Mistari ilikuwa ya mbavu za baisani. Yakapatikana na mawe mengine yenye michoro, na pamoja nayo chombo cha jiwe kilichotumika kuchongea. Wataalamu walipita hapo miaka yote hiyo na vipimo vyao, na aliyefunua ni mnyama aliyerudishwa nyumbani. Wenyeji walikuwa wamesema siku zote kwamba baisani ndiye anayeishika nchi ile pamoja. Msafiri anayepita Saskatoon saa nane za usiku akitafuta kahawa amekosa haya yote, kisha akifika nyumbani anawashauri wenzake nao wayakose.

Nakubali jambo moja. Ukiwa ndani ya gari kwenye kilomita 110 kwa saa, prairi haikuoneshi mengi. Mlima unaonekana hata kwa mtu asiyetaka kuuona, unakuja wenyewe kwenye kioo. Prairi inataka ushuke. Ni kosa la msafiri anayeipima nchi kwa kile kinachoweza kuingia dirishani. Vidimbwi unavyoviona pembeni ya barabara, vilivyoachwa na barafu ile kuu ya zamani, ndivyo vinavyozaa nusu au zaidi ya bata wa Amerika Kaskazini. Bundi anayeishi kwenye mashimo ya ardhini, mwenye miguu mirefu na mwili mdogo, yuko huku. Kindi wa ardhini wenye mkia mweusi, wanaoishi kwa makundi na kupeana tahadhari kwa milio, hawapo kwingine kokote Kanada isipokuwa kona hiyo ya Grasslands.

Na kwa wale wanaotaka mwinuko tu, Cypress Hills, kwenye mpaka wa Saskatchewan na Alberta, inapanda mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko mji wenyewe wa Banff. Kilele chake kilibaki nje ya barafu wakati uwanda unaokizunguka ulipofunikwa. Barabara kuu inapita kaskazini yake na magari yanakimbia kuifuata milima iliyo mbele.

Hata UNESCO haikuanza na Banff. Hifadhi ya Dinosaur, kwenye makorongo ya mto Red Deer, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Head-Smashed-In, jabali la kusini mwa Alberta ambako wawindaji waliwaswagia baisani kwa karibu miaka 6,000, iliingia 1981. Banff ilisubiri hadi 1984.

Kuna pia hoja ya watu. Wanaodai prairi hakuna kitu husahau kwamba pana kazi pale inayolisha dunia. Maghala marefu ya mbao ya nafaka, yaliyosimama kando ya reli katika kila kijiji, yalizidi 5,000 katika miaka ya 1930. Yamebaki machache, mengi yamebomolewa. Ukipata lililo wazi kwa wageni, kama yale ya Inglis huko Manitoba, ingia ndani utazame lilivyofanya kazi. Gari la mkulima linapimwa likiwa limejaa, nafaka inamwagwa shimoni, ukanda wenye ndoo ndogondogo unaichota na kuipandisha hadi juu kabisa, na kutoka huko inashuka yenyewe kwa uzito wake hadi kwenye pipa lake, kisha kwenye behewa. Mengi yalikuwa ya ushirika wa wakulima wenyewe, ulioanza Alberta 1923, na Saskatchewan na Manitoba 1924, kwa sababu walichoka kupangiwa bei na wachuuzi. Msomaji wa Kilimanjaro au Kagera hahitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo.

Kanada inaongoza duniani kwa kuuza adesi nje, na karibu zote zinatoka Saskatchewan. Wanunuzi wakubwa ni India, Uturuki na Falme za Kiarabu. Supu inayoliwa Dubai jioni ya Ramadhani huenda ilivunwa katika hiyo nchi isiyo na kitu. Karibu kilomita moja chini ya mashamba hayo kuna tabaka za potashi zilizoachwa na bahari iliyokauka mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na Kanada ndiyo inayotoa potashi nyingi kuliko nchi yoyote.

Tena kuna jambo la 1962. Tarehe 3 Septemba mwaka huo Waziri Mkuu John Diefenbaker alifungua rasmi barabara kuu ya kuvuka Kanada katika Rogers Pass, juu milimani. Wasafiri wanasimama hapo kupiga picha na kumbukumbu iliyojengwa. Vizuri. Lakini miezi miwili kabla yake, tarehe 1 Julai, serikali ya Saskatchewan ilianzisha bima ya matibabu kwa kila mkazi. Madaktari waligoma kwa siku 23, na suluhu ikapatikana Saskatoon. Wazo hilo lilisukumwa na mwanasiasa Tommy Douglas na chama cha wakulima na wafanyakazi kilichotangaza ilani yake Regina mwaka 1933, katikati ya ukame na vumbi la mdororo mkuu. Miaka michache baadaye bima ya namna hiyo ikawa ya nchi nzima. Mkanada akiulizwa anajivunia nini, atataja hospitali kabla hajataja mlima wowote. Na bado anashauri watu wapite Saskatchewan wamelala.

Milima nayo ina historia ambayo mashabiki wake hawaisemi. Sisemi kwamba si mizuri. Barabara ya kutoka Lake Louise hadi Jasper, kilomita 230 hivi, ni nzuri kupindukia na sitamkataza mtu. Lakini wazo kwamba milima ndiyo Kanada Magharibi na kingine chote ni njia ya kuifikia, liliuzwa, na muuzaji tunamjua. Kampuni ya reli ilikuwa na njia ndefu na ya gharama, ikahitaji abiria. Chemchemi za moto za Banff zilitengwa 1885, sheria ya hifadhi ikapitishwa 1887, hoteli kubwa ya kampuni ikafunguliwa 1888. Watu wa Stoney Nakoda, waliowinda kwenye mabonde hayo, walizuiwa. Kampuni ileile ilichapisha matangazo mawili: milima ikauzwa kwa matajiri kama mandhari, prairi ikauzwa kwa wahamiaji maskini kama shamba. Miaka 140 imepita na tunaendelea kuisoma nchi kwa matangazo yale.

Matokeo yake yanaonekana. Banff hupokea watu zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Ziwa Moraine la huko halifikiki tena kwa gari binafsi tangu 2023. Unakata tiketi ya basi, unapewa saa yako, unapanga foleni. Mtu anayeniambia kwamba prairi ilimchosha lakini alifurahia kusimama bega kwa bega na umati akisubiri nafasi ya picha moja, namheshimu, ila asinitangazie hilo kuwa ndilo kipimo cha safari.

Wapinzani wangu wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni usingizi. Ni kweli, barabara iliyonyooka kwa saa nyingi inamlaza dereva. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kuendesha usiku, wakati mwili wenyewe unataka kulala na kulungu wanavuka barabara gizani. Ushauri huo ni wa hatari na unapaswa kuachwa hata na asiyejali baisani wala historia. Ya pili ni muda: likizo ni fupi na milima ni mikubwa. Hapo najibu kwamba kati ya Regina na Calgary ni kilomita 760 hivi. Siku mbili za mchana zinatosha kusimama mara kadhaa na kulala njiani. Majira ya baridi ni suala jingine. Dhoruba za theluji hufunga barabara hiyo, na mwenye akili asipite bila sababu.

Kinachoniuma zaidi ni kuyasikia maneno haya kwa Kiswahili. Chukua mji wa Brooks, Alberta, ulio kwenye barabara kuu yenyewe. Wasafiri husimama hapo kujaza mafuta. Ni mji wa kiwanda kikubwa cha nyama, na waliokata nyama hiyo kwa miaka mingi ni watu wa Somalia, Sudani, Ethiopia na Kongo, baadhi yao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab na kujifunza Kiswahili huko. Mwaka 2005 waligoma kwa wiki tatu pamoja na wenzao, katika baridi ya Oktoba, mpaka wakapata mkataba wao wa kwanza wa kazi. Mwendo mfupi kutoka mji huo, kando ya mto Red Deer, ndiko alikofuga ng'ombe John Ware, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani kusini mwa Marekani, akaja Alberta na kundi la ng'ombe mwaka 1882, akawa mmoja wa wafugaji walioheshimiwa kuliko wote katika nchi ile mpaka farasi alipoanguka naye na kumuua mwaka 1905. Nyumba yake ya magogo imehifadhiwa ndani ya Hifadhi ya Dinosaur. Mwaka 1911, mawaziri wa Waziri Mkuu Wilfrid Laurier walipitisha amri ya kuwazuia watu weusi kuhamia Kanada kwa mwaka mmoja, kwa sababu walikuwa wameanza kuja prairi kutafuta mashamba. Haikutekelezwa, lakini iliandikwa na kutiwa sahihi.

Basi mtoto anayekulia Brooks, Regina au Winnipeg, anayezungumza Kiswahili mezani kwao, anawasikia wazazi wake wakiwaambia wageni kwamba anapoishi hakuna kitu. Wanamfundisha kuiona nchi yake kwa macho ya waliotaka isiwe na mtu, wakati watu wanaofanana naye wameacha jasho na nyumba ndani yake.

Madhara hayaishii kwenye hisia. Katika Saskatchewan nyasi za asili zilizobaki ni chini ya sehemu moja kwa tano, nazo zinaendelea kulimwa. Baada ya vumbi la miaka ya 1930, serikali ya Kanada ilichukua ardhi iliyochakaa, ikaipumzisha na kuifanya malisho ya pamoja. Wafugaji wadogo walilisha humo, na wanyama adimu wakapona humo. Mwaka 2012 serikali hiyohiyo ilitangaza kujitoa kwenye mpango huo. Wafugaji na wapenda ndege walipiga kelele. Nchi nzima haikusikia. Fikiria kelele ambazo zingepigwa kama ingetangazwa kujitoa kwenye kipande kimoja tu cha msitu wa Banff. Hakuna mwanasiasa anayeogopa kupoteza kura kwa ajili ya mahali ambapo wapiga kura wamekubaliana kwamba ni patupu.

Kwa hiyo, unayepanga safari ya mwaka huu, ondoka Regina asubuhi. Shika njia ya kusini, ulale Val Marie, kesho yake uipande Cypress Hills na ufike Brooks kabla jua halijazama. Ukikutana na mfugaji njiani, muulize malisho ya pamoja ya wilaya yake yako mikononi mwa nani sasa, na utakaporudi mjini kwako mwandikie mbunge wako jibu ulilopewa.